Bango la babu kwenye banda la kuku

Mama mmoja wa Makambako alikwenda Njombe na watoto kumsalimia baba mkwe wake. Katika kufanya usafi akakuta sanduku la bati chini ya kitanda, limejaa magazeti yaliyogeuka manjano. Nusu yake akamuuzia muuza karanga, kwa kilo. Na kibao cha bati chenye maandishi makubwa ya UHURU kikapigiliwa misumari kwenye banda la kuku.

Mzee aliporudi shambani hakugomba. Alikaa tu, chakula hakukigusa.

Aliyeuliza ni mjukuu: "Babu, lile bati lilikuwa la nini?" Ndipo ikajulikana. Treni za TAZARA zilipoanza katikati ya miaka ya 1970, babu alikuwa kijana anayeuza magazeti Makambako, kibao hicho kikiwa mbele ya meza yake. Sare na madaftari ya baba wa mtoto huyo yalitoka kwenye meza hiyo. Jumapili yenye habari nzito alijiwekea nakala moja ya Mzalendo, gazeti lililoanza mwaka 1972.

"Baba, unisamehe, sikujua."

"Na mimi sikuwahi kukuambia, mwanangu."

Kesho yake walimfuata muuza karanga. Mengi yalikuwa yameshafungiwa karanga. Walirudi na kama thuluthi.

Huko Ufaransa watu hutafuta mabango ya zamani ya magazeti kama Le Petit Journal, lililoanza mwaka 1863, wakayatundika ukutani. Kwetu bado tunayaita takataka, labda kwa sababu wenyewe wapo hai na hatujawauliza.

Mzazi, kama nyumbani kuna sanduku la namna hiyo, mpe mtoto kazi ya likizo. Magazeti yalazwe, yasikunjwe upya, wala yasibandikwe selotepu, maana gundi yake huacha madoa. Jua huyachakaza upesi. Unyevu wa Njombe nao huleta ukungu, hivyo sanduku lisigusane na sakafu. Maelezo ya babu yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya gazeti. Bati lifutwe kwa kitambaa laini na kikavu. Msiling'arishe kwa msasa, rangi itaondoka na maandishi yake.

Kibao cha mzee sasa kiko sebuleni. Matundu manne ya misumari yanaonekana, na kila mgeni akiyauliza, mama mkwe wa nyumba hucheka na kumtazama mkamwana wake.