Mapenzi Hayakurudisha Picha

Wako watungaji wa hadithi na sinema ambao kwao mwanamume na mwanamke hawawezi kufuata nyayo za mwizi wa picha pasipo kupendana. Msomaji, utauliza, ubaya uko wapi, maana mapenzi hunogesha hadithi? Ubaya upo, wala si mdogo: mtungaji wa namna hiyo naye ni mwizi, kwani humwibia mtu sifa ya kazi yake.

Mfikirie Rose Valland. Tangu mwaka 1940 hadi 1944 Wajerumani walioiteka Paris walikusanya katika jumba la Jeu de Paume maelfu ya picha na vitu vya thamani, vingi vimeporwa kwa Wayahudi. Bibi huyo alikuwa mtumishi wa jumba hilo. Alijua Kijerumani, lakini hakujionyesha kuwa ajua. Alisikiliza, kisha akaandika kwa siri nini kimechukuliwa, ni cha nani, na kimepelekwa wapi. Lau angalishikwa, huenda angaliuawa. Paris ilipokombolewa, alimpima sana ofisa wa Kimarekani, James Rorimer, kabla ya kumwamini na kumpa habari zake. Kwa habari hizo, mwaka 1945 maelfu ya vitu vilivyoibwa vilionekana katika ngome ya Neuschwanstein, Ujerumani.

Sasa tazama sinema ya The Monuments Men, ya mwaka 2014. Majina yamebadilishwa, na bibi aliyefanywa kwa mfano wa Valland anamvuta ofisa yule kwa mapenzi. Je, miaka minne ya kuhatarisha roho haikutosha kuwa hadithi? Ati ushujaa wa mwanamke haunukii mpaka utiwe marashi!

Wala jambo hili halikomei Ulaya. Mwaka 1985 vigango viwili viliibwa kwa Wamijikenda, pwani yetu. Wataalamu wawili wanawake, Monica Udvardy na Linda Giles, walivitambua katika makumbusho ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudi kijijini. Kilichovifichua ni picha iliyopigwa kabla ya wizi, pamoja na subira. Vingi vingine havijarudi, na atakayevitafuta kesho labda ni wewe.

Basi jifunze kuandika tarehe, kutunza picha, na kuelewa lugha ya mgeni. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: haki ya Valland ni daftari lake.