FEDHEHA NI YA NANI?

Ndugu Muislamu, uliye Mwanza kandoni mwa ziwa na uliye huku pwani, hebu tuulizane. Mtu amlaghai mtoto wa miaka 15 hata ampate picha yake ya utupu, kisha amtishe: "Nipe nitakalo, ama naisambaza." Fedheha ni ya nani?

Sisi twasema ni ya mtoto. Na kwa neno hilo twampa mwovu silaha! Kwani mtoto amwogopa babake kuliko amwogopavyo yeye. Hunyamaza, hali, halali, hata akatamani kufa.

Kisha picha hutoka. Meli ya Mwanza haijafika Nansio, nayo imekwisha fika Tanga na Mombasa. Ni nani walioibeba? Ni sisi, tusemao "Astaghfirullah" kwa ulimi, na huku twaipeleka mbele kwa kidole.

Soma Suratin-Nur, aya ya 19: walioahidiwa adhabu ni wapendao uchafu uenee, si aliyeonewa. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya 2015, yamtia hatiani mwenye kusambaza picha chafu za mtoto.

Basi, ewe mzazi, mtoto akikujia, weka bakora chini. Usimlipe mwovu, kwani alipwaye hurudi. Usifute vitisho vyake; ndio ushahidi. Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, simu ya watoto ya Tanzania. Na picha ya mtoto wa mwenzio ikikufikia, ikome kwako. Umsitiri kama upendavyo asitiriwe wako.