MHITIMU, DAWATI LA MIKOPO SI SHULE YA UWEKEZAJI



Ndugu zangu, vijana wanaomaliza chuo hapa Mwanza huuliza: "Sheikh, nichukue kazi gani itakayonifundisha kuwekeza?" Swali zuri. Tatizo wengi huliuliza wakiwa na jibu mfukoni: dawati la mikopo, benki au hizi kampuni za kausha damu. Tai shingoni, kiyoyozi juu, "pale nitajifunza pesa."

Utajifunza kukopesha. Basi. Waliosema biashara ni sawa na riba walishajibiwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Mwekezaji anakula faida kwa sababu amekubali kubeba hasara. Mla riba hana habari na hasara. Mvua ikimkuta mama wa dagaa hajaanua, mzigo ukaoza, rejesho liko pale pale, na afisa mikopo anakuja kubeba friji. Miaka mitatu ya kazi, na elimu uliyopata ni kujua friji ipi ibebwe!

Na usiseme "mimi naandika tu." Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwalaani mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawaweka sawa. Mwandishi, kijana wangu. Ndicho cheo unachokiombea kazi.

Kuna mawaidha yanayoishia kwenye "haramu", kijana akarudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tuendelee.

Shuka mwaloni Kirumba. Mwenye mtumbwi ameweka mtaji: chombo, injini, nyavu, taa. Wavuvi wameweka jasho. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo kazi ni usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mtaji wote umelala ufukweni. Nani atakufundisha mzunguko wa fedha kuliko hapo? Utajua kwa nini kilo ya mabondo ya sangara inaishinda kwa mbali kilo ya minofu yake. Utajua mzigo wa dagaa unaokwenda Kongo unafunga fedha siku ngapi. Mtaji wa huyu na kazi ya yule, faida wakagawana: ni jamaa wa mudharaba, na Mtume wetu kabla ya utume alifanya biashara kwa mali ya Bi Khadija.

Sisemi mwaloni kote kuna haki. Wapo matajiri wanaokata gharama ya mafuta mara mbili, na mvuvi hawezi kubisha kwa kuwa hakuna daftari. Hapo ndipo shahada yako ya uhasibu inapotakiwa.

Unataka ofisi? Amana Bank inafanya kazi bila riba tangu 2011. Unataka hisa? Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998, na ofisi ya dalali itakufundisha kusoma hesabu za kampuni. Ila chuja, bia imo na benki za riba zimo. Wale wa forex wa kwenye simu, waacheni.

Wazazi, nanyi mna lenu. Mnaona aibu mtoto wa chuo kurudi ananuka samaki, lakini akirudi na harufu ya riba mnamwita bosi.

Wenye mitumbwi na wafanyabiashara wa dagaa mnaohitaji kijana wa kushika daftari, nitafuteni baada ya swala ya Ijumaa. Njooni na mshahara au fungu la faida likiwa limeshaandikwa, si la kuahidiwa.