Kihisi cha kiatuni nacho kipimwe

Kuna soli nyembamba itiwayo ndani ya kiatu, imejaa vihisi, yaani vidubwana vinavyopima shinikizo linaloukabili wayo mtu atembeapo. Kompyuta huyapokea majibu yake na kuyaonyesha kwa rangi na tarakimu za kuvutia. Nami nashikilia kwamba tarakimu hizo zisisadikiwe kwa sababu tu zimetoka kwenye kompyuta.

Mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba shinikizo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Mtu wa kilo 60 hukanyaga kwa nyutoni 600 hivi. Kani hiyo ikienea kwenye sentimita mraba 100, shinikizo ni kilopaskali 60. Ikilemea sentimita mraba 20 pekee, ni kilopaskali 300.

Hesabu hii si ya mtihani tu. Kisukari kikiharibu neva, mguu hufa ganzi, na mwenyewe asihisi hata msumari ukimdunga. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 ulitaka kiatu cha mgonjwa aliyekwisha kupona kidonda cha wayo kipunguze shinikizo la juu kabisa kwa angalau asilimia 30, au lishuke chini ya kilopaskali 200. Tuseme kihisi kinasoma 180 ilhali ukweli ni 240. Kiatu kitaidhinishwa, kidonda kitarudi, na huenda mguu ukakatwa.

Kihisi hukosaje? Kikilemewa kwa muda, usomaji wake hupanda polepole ingawa mzigo haukuongezeka. Joto na jasho la kiatuni hukivuruga, na kukunjwakunjwa hukichakaza. Zaidi ya hayo, mwendo wa haraka hubadilisha shinikizo lenyewe. Kwa hiyo hatua moja haitoshi; yafaa zichukuliwe hatua kadhaa, kwa mwendo ule ule na kiatu kile kile, kisha upatikane wastani.

Hata hivyo, watu wengi huchanganya uthabiti na usahihi. Mizani ya mwenye duka mpunjaji ni thabiti mno: kila siku hupunguza robo ile ile ya sukari. Je, tuisifu kwa kutobadilika? Hali kadhalika, kihisi kinachorudia jibu moja mara kumi kinaweza kuwa kimekosea mara zote kumi. Dawa yake ni kukilinganisha mara kwa mara na uzani unaojulikana, kabla hakijaingizwa kiatuni.

Hapa ndipo walimu wana jukumu. Aghalabu tunawafunza vijana kusoma mshale wa chombo, bali hatuwafunzi kukihoji chombo chenyewe. Kila mwanafunzi aingiaye maabara na aulize mambo mawili: chombo hiki kimelinganishwa na nini, na nikipima tena nitapata jibu lile lile? Atakayezoea maswali hayo akiwa shuleni hatakubali, akiwa daktari au fundi wa viatu vya wagonjwa, kuukabidhi mguu usiohisi kwa kihisi kisichohakikishwa.