Mzee wa Ndizi Kakupita Kwenye Tope, Halafu Unataka Afungiwe?

Ile klipu karibu kila mtu kaiona. Jamaa kavaa helmeti, miwani na taiti ya mbio, kainamia gia zilizojaa tope kama fundi aliyeamshwa usiku. Nyuma yake anatokea mzee, Phoenix yake yenye keria kaiweka begani kama mkungu wa ndizi, anapanda kilima kwa hatua ndefu. Anamfikia, anamwambia "pole mwanangu", anapita zake. Sekunde 40 tu, na watu wamecheka mpaka basi. Mmoja kamshauri auze baiskeli anunue jembe. Mwingine kauliza hiyo miwani inaona nini kama haimuoni mzee anayekuja.

Kicheko hakina shida. Shida ni kilichofuata. Kwenye kundi la WhatsApp la hawa waendesha baiskeli wa Ngara na Biharamulo, kuna wanaotaka raundi ijayo baiskeli za keria zisiruhusiwe kabisa. Eti zinaharibu picha. Eti hakuna mdhamini atakayeweka hela akiona mbio zina watu wa ndizi. Na anayepinga kwa nguvu kuliko wote ni nani? Yule yule jamaa aliyechekwa.

Jamaa yuko sahihi, na waliobaki wanajisahau.

Kwanza tumuelewe huyu mtu ni nani. Si mwanariadha. Ni wa umri wa 30 na ushee, wiki nzima yuko dirishani anahudumia watu, kitambi kimeanza kupiga hodi. Baiskeli yake ya gia ni ya mtumba. Mbio zenyewe hazina cha maana cha kushindania: mshindi anapata kreti ya soda, na hiyo soda inanywewa hapo hapo na wote. Kaenda mara nne, mara tatu kawa wa mwisho. Bado anaenda. Ukimuuliza kwa nini, hana jibu la kupendeza. Anasema tu kwamba ile dakika ya 20, pumzi imekata, tope limefika masikioni na watoto wa kijijini wanamkimbilia pembeni wakimpigia makofi kama ndiye anayeongoza, hakumbuki kabisa kama kesho ni Jumatatu.

Hiyo ndiyo raha ya huu mchezo, na Ulaya wanaijua siku nyingi. Wanaita saiklokrosi. Unazunguka njia fupi ya majani, mchanga na matope, na pale pasipoendesheka unashuka, unabeba baiskeli begani, unakimbia. Wafaransa walifanya ubingwa wao wa kwanza wa taifa mwaka 1902. Ubingwa wa dunia ulianza 1950, na wa kwanza kuubeba alikuwa Jean Robic, yule aliyeshinda Tour de France ya 1947. Leo mfalme wake ni Mathieu van der Poel wa Uholanzi, ambaye Februari 2025 alifikisha ubingwa wa dunia mara 7. Lakini nyuma ya hao wakubwa kuna maelfu ya walimu, mafundi na wauza duka wanaoingia kila wikendi wakijua kabisa hawatashinda. Watazamaji wanawazodoa, wengine wanawanyooshea bia njiani. Kuwa wa mwisho huko si msiba, ni sehemu ya burudani.

Sasa soma vizuri hiyo sentensi ya kubeba baiskeli begani na kupanda kilima. Ngara na Biharamulo nani anafanya hivyo kila siku? Si jamaa wa taiti. Ni yule anayetoka na mikungu shambani, anashuka bondeni, anasukuma kupanda upande wa pili, mvua ikinyesha anaendelea, mpaka afike barabara kubwa ya malori ya Rusumo. Uwafungie hao halafu useme umeandaa mbio za matope? Ni sawa na kuandaa mashindano ya kuogelea ziwani ukawazuia wavuvi.

Halafu tuje kwenye ufundi wenyewe, maana kuna wanaodhani mzee alibahatisha. Hakubahatisha hata kidogo. Udongo mwekundu ukilowa unashika kama ugali. Unaziba kati ya tairi na foku, unajaa kwenye vile vidude vya kubadilishia gia kule nyuma, cheni inaruka, mwisho baiskeli inagoma. Wataalamu wa Ulaya wanaliepuka hilo kwa kuwa na baiskeli ya pili: moja inaoshwa, nyingine inaendeshwa, wanabadilishana katikati ya mbio. Jamaa wa Ngara atatoa wapi ya pili? Phoenix haina gia, na mzee alikuwa keshang'oa madgadi zake, kwa hiyo tope halikuwa na pa kukaa. Nje kuna hata mashindano ya dunia yasiyo rasmi ya saiklokrosi kwa baiskeli za gia moja tu, watu wanavaa mavazi ya vichekesho, na bingwa huchorwa tatuu. Huko Phoenix ya mzee isingeambiwa inaharibu picha. Ingepigwa picha.

Na wanaolilia wadhamini watazame ng'ambo ya daraja la Rusumo. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani, mara ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaondoka na taji. Lakini Wanyarwanda hawakuanzia kwa Pogačar. Mwaka 2006 kulifanyika huko mbio zilizoitwa Wooden Bike Classic, zilizoanzishwa na Mmarekani Tom Ritchey, na kama jina lenyewe linavyosema, baiskeli za mbao za kubebea mizigo zilikuwa na nafasi yake. Gasore Hategeka, aliyekuja kufika timu ya taifa, alitokea kwenye viazi na baiskeli ya kubeba abiria. Picha hazikuharibika.

Kuna hoja moja ya wapinzani yenye uzito, nayo ni breki. Baiskeli nyingi za mzigo zinasimama kwa kudra, na mteremko wenye utelezi hauna huruma. Keria nayo ina vyuma vinavyoweza kumchana mwenzako mkigongana. Sawa. Basi fundi akague breki kabla ya kuanza, asiye nazo aanzie kundi la nyuma, na vyuma vifungwe kwa mipira ile ile ya kufungia mzigo. Kazi ya nusu saa. Hakuna anayehitaji kufukuzwa kwa hilo. Na kama ni usalama kweli, mbona hoja ilianza baada ya klipu na si kabla?

Ukweli unaokwepwa kwenye hilo kundi ni kwamba baiskeli kwao imekuwa fasheni wiki iliyopita tu. Utotoni ilikuwa dalili ya kukosa, ukikua unanunua pikipiki ili usionekane juu yake. Sasa imerudi na helmeti na miwani, na watu wanaogopa wakisimama karibu na mzee wa ndizi watafananishwa naye.

Raundi ijayo ni upande wa Biharamulo, na mvua bado zipo. Mzee katuma salamu kwamba atakuja kama siku hiyo haitagongana na gulio. Jamaa, kwa upande wake, keshaenda kwa fundi kung'oa gia zote abaki na moja. Fundi kamcheka, kisha kamuuliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Tabiri hapo chini: safari hii nani wa mwisho?