Kuku wa lupango: vinegre katika maji

Kijiko 1 kikubwa cha vinegre katika litri 4 za maji hakidhuru kuku. Lakini tumieni bidon ya plastiki iliyokatwa, hapana chombo cha bati: vinegre inakula zinki ya bati, na zinki ile ni sumu kwao.

Tena, kuku akipinda shingo na kuhara kijani, msingojee vinegre. Mara nyingi ile ni Newcastle, inayoweza kumaliza kuku wa lupango nzima kwa siku chache, na haina dawa. Iko chanjo tu, tone katika jicho wakati kuku wangali wazima. Chupa ikisha kufunguliwa haikai. Basi majirani mchange pesa, mganga wa nyama aje siku moja kwa wote.