UKURASA WA NYUMBA: Chini ya muti wa avoka

Mama mumoja wa Butembo alituuliza: «Nyuma ya nyumba yangu kuna muti mukubwa wa avoka. Chini yake hakuoti kitu, udongo ni mukavu kama majivu, na mvua ikinyesha inaubeba. Nipande nini?»

Usikate muti, mama. Wala usikimbilie maua ya Ulaya. Kuna ua la kwetu wenyewe, lile lenye kichwa chekundu cha mviringo kama mpira, linalotokea porini mvua ikianza. Wenye elimu ya mimea wanaliita Scadoxus multiflorus. Linaota toka Senegali mpaka Somalia, na kushuka mpaka Afrika ya Kusini. Kichwa kimoja kinaweza kubeba maua madogo 200. Kule Ulaya watu wananunua kitunguu chake na kukitunza ndani ya chungu. Sisi tunakipiga jembe tu.

Kitunguu hicho ndicho nguvu yake. Wakati wa ukavu majani yanakauka, kitunguu kinalala pale chini pamoja na chakula chake. Mimi mwanzoni sikujua. Niliona majani yamekuwa manjano mwezi wa sita, nikamwaga maji kila jioni, ndoo kwa ndoo. Mwezi wa nane nikachimba: vitunguu vitatu vyote vimeoza! Kumbe nilikuwa ninamwamsha mwenye usingizi.

Basi panda mvua ikikaribia. Chimba pale penye mizizi minene haiko, changanya udongo na majani yaliyooza, na uweke kitunguu shingo yake ikiwa sawa na uso wa udongo. Halafu funika na majani ya avoka yenyewe. Usiyafagie tena! Najua, tunapenda parseli ing'ae, wageni wasituseme. Lakini ufagio ndio unaouacha udongo uchi, mvua ikaupeleka bondeni. Chini ya mikaratusi sishauri, miti ile inakunywa maji kupita kiasi.

Usiende kung'oa vitunguu porini. Okota matunda yake mekundu, toa nyama, panda mbegu zingali mbichi. Itakuomba uvumilivu: miaka mitatu au zaidi mbele ya ua la kwanza. Mwenye haraka amuombe jirani kitunguu kichanga.

Sasa sikia vizuri, na vijana pia. Kitunguu hiki ni sumu. Pande zingine za Afrika watu walikitumia kwa kupaka mishale na kwa kulewesha samaki mtoni. Kwa hiyo usikipande karibu na vitunguu vya kupika, usikiweke hata dakika moja jikoni, na mbuzi ifungwe mbali. Uwaonyeshe watoto ua, uwaambie na jambo hili siku ileile. Mtoto akikitafuna, usingoje kuona kama atatapika: mpeleke kituo cha afya mara moja, na uchukue kipande kilichobaki ili muganga akione.